Aliyebaki kwenye Benchi

Wewe uliyekosa gazeti la juma lililopita, sogea hapa nikupitishe haraka. Misa imekwisha kuanza, na sitaki mtu anivute shati katikati ya mahubiri kuuliza nani ni nani.

Hakorimana, mtoto wa katekista Kabera, ndiye mwizi wetu. Ijumaa jioni mwalimu wao, muniteri Sebarenzi, aliandika hesabu za mtihani wa mwisho kwenye tablo, ubao wa darasani, akaigeuza uso kwa ukuta, akafunga mlango, akaenda kula. Hakorimana akapita dirishani. Hakuwa na karatasi, basi akajikwaruza namba kwa mwiba pajani, pale kaptula inapofunika, zikatoka nyeupe kwenye ngozi kavu. Kisha akairudisha tablo ukutani mbio mbio, na kwa haraka yake akaiweka kichwa chini.

Mjinga kabisa! Jumamosi asubuhi Sebarenzi akaigeuza mbele ya kalasi nzima, hesabu zake zote zimesimama kwa kichwa, wote wakajua kuna aliyeigusa. Maswali yalitoka kwa inspekta, hakuna wa kuyabadilisha. Mtihani ukafanyika hivyo hivyo, na mwizi akiwa ndani.

Jioni matokeo yakatoka. Hakorimana, kwa ujanja, alikosea hesabu mbili makusudi. Lakini rafiki yake Jean-Marie, ambaye hajawahi kufika hata nusu, alipata zote. Maskini alikuwa amejifundisha kweli, kila siku anachora hesabu kwenye majani ya migomba mpaka watu wanamcheka. Nani angeamini? Macho yote yakaenda kwake.

Tulikuwa tumefika hapo. Sasa ni Jumapili, mwaka wa hamsini na moja, kanisani misioni, juu ya kilima. Watu wamejaa mpaka mlangoni, wametoka Nyabiondo, wametoka mpaka upande wa Rubaya. Padiri Pierre amepanda mimbari, na uso wake ni mwekundu.

“Sitapiga muntu fimbo,” alisema. “Sitauliza muntu. Watoto wa kalasi ya mwisho, leo mutakuja wote kwenye komunio, mumoja mumoja. Mwenye aliiba anajua kama anapokea Yesu na dhambi kubwa ndani ya roho, anakula hukumu yake mwenyewe. Hatasubutu. Atabaki kwenye benchi. Basi, mwenye kubaki, ni yeye.”

Wazee wakageuza shingo kutazama benchi la kalasi ya mwisho. Hata watoto wachanga, ungedhani wamesikia.

Najua, kuna mapadri ambao wangemshika mkono na kumwambia Pierre, hapana, usifanye altare kuwa mahakama. Lakini hawakuwapo siku ile, na hasira ni hasira.

Na Hakorimana? Jumamosi alikuwa ameungama, ndiyo. Aliungama kwamba alikasirika, na kwamba alikula karanga za mwenzake. Ya tablo aliiacha nje ya kitubio, akajiambia ataisema siku nyingine, karatasi ya shule ikishakuwa mkononi.

Na karatasi ile, wasomaji, haikuwa mchezo. Mwenye setifika hiyo ya kumaliza shule alikuwa muniteri, mwenye viatu na mshahara. Aliyefukuzwa bila setifika alikuwa kijana tu mwenye mikono, na serikali ilijua kazi ya mikono: barabara ya Walikale, kule porini upande wa Kibua. Mbonigaba, kaka mkubwa wa Jean-Marie, aliandikwa akaenda. Alirudi amebebwa kwa machela, akazikwa kabla mvua haijaisha. Kila kijana wa kalasi ile alikuwa kwenye mazishi yale.

Hakorimana akatazama mbele, upande wa wanaume. Baba yake Kabera amekaa benchi la kwanza, mgongo umenyooka, msalaba wa ukatekista kifuani. Akibaki ameketi, baba atageuka na kumwona.

Akasimama.

Alitembea kati ya wenzake, akapiga magoti, akatoa ulimi. Hostia ikamgandia kinywani. Hakusali neno. Alikuwa anasema moyoni jambo moja tu: imepita, imepita, imepita.

Aliporudi kwenye nafasi yake akaona kalasi ya mwisho yote imeinuka, ila mtu mmoja.

Jean-Marie alikuwa ameketi peke yake. Anatetemeka, jasho linamtoka, macho yako chini. Ungemwona ungesema huyo hapo, mwizi ameshikwa.

“Mama wee,” mtu mmoja akanong’ona nyuma. “Kumbe njo yeye, ni yeye kabisa.”

Lakini Hakorimana alijua kwa nini Jean-Marie hakusimama. Alijua yeye peke yake.

Wakati ule sheria ya kupokea ilikuwa kali. Tangu saa sita ya usiku huli, hunywi, hata tone la maji. Na alfajiri ile, bwenini misioni, Jean-Marie aliamka anawaka homa, meno yanagongana, hajui hata alipolala. Hakorimana akachukua kibuyu cha dawa ya majani ambacho mama yake Jean-Marie alikuwa amekileta juma lililopita, akamwinua kichwa.

“Nikikunywa, sitakomunika,” Jean-Marie alisema.

“Utakomunika juma yenye kuja. Kunywa, usinikufie hapa.”

Akanywa. Hakuna aliyejua Padiri amepanga nini.

Basi! Jamani, kuna watu wanazaliwa na mkosi. Mtoto anakunywa dawa ya mama yake, na dawa hiyo inamfanya mwizi.

*

Nje baada ya Misa watu hawakwenda nyumbani. Walisimama makundi makundi mbele ya kanisa, wanaongea kwa sauti ya chini.

Papa Kabera akaja moja kwa moja kwa mwanawe, akamshika bega.

“Nimekuona,” alisema. “Nimekuona unapiga magoti. Hako, jana usiku sikulala. Walisema mwizi iko katika kalasi yako, nikajiuliza. Mungu anisamehe, nilijiuliza juu yako.”

“Aksanti, Papa,” Hakorimana akasema. Aksanti ya nini, hata yeye hakujua.

Mama Drocella, mama yake Jean-Marie, alikuwa amesimama kando peke yake. Wanawake aliotoka nao Nyabiondo asubuhi, wakiimba pamoja njiani, walikuwa wamesogea mbali naye. Alipomwona Hakorimana akamkimbilia, akamshika mikono yote miwili.

“Hako, mutoto yangu. Munalala kwenye mukeka mumoja. Munakula sahani moja. Niambie, mwanangu aliiba?”

“Mama...”

“Kama aliiba, niambie tu, nijue. Kama hakuiba, enda uwaambie. Mbonigaba walinirudishia amekwisha. Niko na huyu mumoja. Wakimupeleka ku barabara, mimi nitarudi nyumbani na nani?”

Hakorimana alifungua mdomo. Wallahi, alitaka kusema; nawaambia mimi ninayemjua, alitaka. Lakini baba yake alikuwa bado amemshika bega, na mkono ule ulikuwa mzito na wenye furaha.

“Sijui, Mama,” alisema. “Hakuniambia kitu.”

Kengele ikalia. Kalasi ya mwisho iingie ndani.

*

Waliketi darasani, kila mtu mahali pake. Padiri Pierre mezani, Sebarenzi amesimama mikono nyuma, na pembeni kwenye kiti cha wageni Papa Kabera, kwa sababu Padiri alimtaka katekista awe shahidi. Wazazi wengine wamejazana dirishani. Mama Drocella alikuwa wa kwanza kabisa, ameshika mbao za dirisha.

“Jean-Marie, simama,” Padiri akasema. “Ulibaki kwenye benchi.”

“Njo, Padiri.”

“Basi umesema mwenyewe.”

“Hapana, Padiri. Sikuiba. Nilibaki sababu nilikunywa dawa asubuhi. Niko mugonjwa.”

Kalasi ikaguna. Sebarenzi akacheka kidogo, kicheko kibaya. Tablo ile kichwa chini ilikuwa imemchoma. Shule zote za kilima zilikuwa zimeshapata habari.

“Dawa,” alisema. “Siku ya leo, saa ya leo, njo unakunywa dawa. Nani alikuona?”

Jean-Marie akageuka, akamtazama Hakorimana kwa macho ya homa. Hakuwa na wasiwasi hata kidogo. Alikuwa anamtazama rafiki yake.

“Hakorimana. Ni yeye alinipatia.”

Sasa hesabu, msomaji, hesabu pamoja na Hakorimana aliyekuwa mbovu wa hesabu. Akisema hapana, Jean-Marie ameisha, na jambo limekwisha, na hakuna atakayeuliza tena. Neno moja. Akisema ndiyo, mwizi bado hajapatikana, na Padiri ataanza upya, safari hii akiwatafuta waliopokea.

“Hakorimana,” Padiri akasema. “Iko kweli?”

Akasimama. Akatazama dirishani bila kutaka, akaona vidole vya Mama Drocella kwenye mbao.

“Njo, Padiri. Ni mimi nilimupatia.”

“Yoo!” Mama Drocella akapiga kelele nje. “Aksanti Mungu! Munasikia? Munasikia, nyie wote?”

Jean-Marie akakaa chini. Padiri Pierre akajipangusa uso kwa leso, na alionekana mtu aliyepunguziwa mzigo, maana hata yeye hakuwa amelala vizuri. Hakorimana akahisi kitu ambacho hakukihisi tangu Ijumaa: pumzi imeshuka mpaka chini. Amemponya mwenzake, na yeye mwenyewe bado amesimama!

“Vizuri,” Padiri akasema. “Basi tutaanza tena. Jean-Marie, enda ulale.”

“Padiri, ngoja kidogo,” Sebarenzi akasema. “Swali moja tu.”

Akamsogelea Hakorimana mpaka karibu.

“Ulimupatia dawa. Ulionja?”

Padiri Pierre akamtazama mmoja, akamtazama mwingine.

“Kuonja nini?”

“Padiri, wewe uko mugeni hapa, hata kama umekaa sana. Huku kwetu hakuna muntu anapatia mwenzake kitu ya kunywa bila kuonja yeye kwanza. Pombe, maziwa, dawa, yote sawa. Unaonja mbele ya macho yake, kisha unamupatia. Mwenye hajaonja, ni kusema analeta sumu. Hata mutoto mudogo anajua.”

Na kalasi nzima ilijua. Ilikuwa kweli kwa Wahunde na kweli kwa Wanyarwanda, kweli kwa tajiri na kwa maskini. Hakorimana alikuwa ameonja. Alfajiri ile alikunywa funda lake chungu kwanza, bila kufikiri, kama mtu anavyovua kofia akiingia ndani, ndipo akamwekea Jean-Marie kibuyu mdomoni. Hata hakukumbuka alipokuwa anapiga magoti kanisani. Sasa alikumbuka.

Kama ameonja, amekunywa. Kama amekunywa, hakuwa na ruhusa ya kupokea. Na mtoto wa katekista, anayejua sheria ile kuliko kalasi nzima, akaenda kupokea hata hivyo siku ambayo kubaki kwenye benchi ni kujitaja. Kwa nini alikuwa na haraka hiyo?

“Sikuonja,” alisema.

Watu wakavuta pumzi. Jean-Marie akainua kichwa, akamwangalia kwa mshangao.

“Hako, ulionja. Nilikuona.”

“Sikuonja. Nilisahau.”

“Anasahau!” Sebarenzi akapiga meza. “Muntu anasahau kuonja! Padiri, hapa hakuna dawa. Hakuna homa. Hawa ni marafiki, wamepanga maneno ya kumuponesha mwizi. Mumoja anasema alionja, mwingine anasema hapana. Umesikia mwenyewe. Jean-Marie njo mwizi, na huyu anamufunika.”

Padiri akaanza kuinuka. Jean-Marie alikuwa anamwangalia tu rafiki yake, na sasa kulikuwa na swali machoni.

Ndipo Mama Drocella akaingiza kichwa chote dirishani.

“Uongo!” alilia. “Sebarenzi, usimutukane mutoto ya Kabera! Huyu? Huyu amupatie mwanangu dawa bila kuonja? Mutoto amekulia kwa watu, mutoto ana adabu kushinda nyie wote! Hata kwangu, akinipatia maji ya kunawa anataka kuonja! Alionja, Padiri. Anaona haya tu. Sema, baba, usiogope. Sema ulionja, umuponeshe mwenzako!”

Mama huyo, jamani. Alikuwa anamsifu. Alimsifu kwa moyo wake wote, na kila sifa ilikuwa inamkaza kijana shingo. Yeye alifikiria mwanawe tu. Habari za kufunga na kupokea hazikumpita hata karibu na kichwa.

Na Papa Kabera naye hakuvumilia. Mtoto wake kuitwa mtu anayetoa kinywaji bila kuonja, mbele ya kilima kizima! Akasimama.

“Nilimufundisha mimi mwenyewe,” alisema kwa sauti ya kanisani. “Tangu iko mudogo, hajajua hata kutembea sawasawa. Hako, juu ya nini unanifanya haya mbele ya watu? Mimi najua mutoto yangu. Sema ulionja!”

Neno lilipomtoka mdomoni, akalisikia.

Yeye ndiye anayefundisha sheria ya kufunga kila Jumamosi, kwa wazee na kwa watoto, wanairudia nyuma yake mpaka inakaa. Akamtazama mwanawe, na Hakorimana akaona furaha ile ya nje ya kanisa inatoka usoni mwa baba yake, inatoka yote.

Padiri Pierre naye alikuwa amefika palepale. Akaketi polepole.

“Hakorimana. Nitakuuliza mara moja. Ulionja?”

“Nilionja, Padiri.”

“Mbele ya Misa kuanza.”

“Njo.”

“Na ukakuja kupokea.”

Hakorimana akaivuta kaptula yake chini kwa vidole. Pajani, chini ya kaptula, ngozi ilimwasha.

“Mwenzako alijua sheria, akabaki, hata kama watu watamuita mwizi,” Padiri akasema. Sasa hakuwa na hasira tena, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. “Wewe unajua sheria kushinda yeye. Nini ilikusukuma?”

“Ni mimi,” Papa Kabera akasema.

Wote wakageuka.

“Padiri, kosa iko yangu. Nilimufundisha vibaya. Nilimuambia muntu akionja dawa kidogo, haivunji kufunga. Mutoto amefuata maneno ya baba yake.”

“Kabera.” Padiri alitikisa kichwa. “Wewe? Umefundisha kilima hiki yote. Sijasikia hata siku moja neno lenye kupinda katika kinywa yako.”

“Nilikosea.”

Uongo. Uongo mtupu, na Hakorimana alijua. Baba yake hakuwahi kumwambia neno kama hilo. Baba yake asingemruhusu hata kusukutua mdomo Jumapili asubuhi. Mtu huyu hajawahi kusema uongo maishani, hata kwa mkusanya kodi, na sasa alikuwa anausema vibaya, kwa sauti isiyokuwa yake.

Katekista anayefundisha uongo huvuliwa msalaba. Kila mtu dirishani alilijua hilo.

Padiri Pierre akachomoa msalaba mkubwa kiunoni, akauweka mezani katikati.

“Kama ni vile, uape,” alisema. “Weka mukono hapa, Kabera. Uape ni wewe ulimuambia, na mimi nitaamini, na mutoto ataenda nyumbani.”

Papa Kabera akasogea mezani. Mtu aliyewaambia watu wa kilima kile kwamba kuapa uongo juu ya msalaba ni kuiuza roho, akainua mkono wake wa kuume. Hakuutazama msalaba. Alikuwa anamtazama mwanawe, na machoni mwake hapakuwa tena na swali lolote. Alikuwa amekwisha kujua yote, ya komunio na ya tablo.

Mkono ukaanza kushuka.

“Papa, usiape!”

Hakorimana hakujua kama ni yeye amepiga kelele mpaka alipoona Sebarenzi amemgeukia. Mama Drocella akaziba mdomo kwa mkono. Jean-Marie akasimama, ameshika ukuta.

Padiri Pierre akauliza taratibu, “Juu ya nini asiape, Hakorimana?”

Papa Kabera hakuuondoa mkono wake. Ulikuwa umesimama hewani, karibu kabisa kugusa mti wa msalaba.

“Nyamaza, mwanangu,” alisema. “Nakuomba. Niachie mimi.”